SURA YA TISA: GARI DOGO LIPANDALO MAWE

Utangulizi

Ukitoka mjini Bariadi kwenda vijijini, baada ya mwendo mfupi utaiacha barabara ya lami na kuingia katika njia za udongo. Mahali pengine njia hupita juu ya mawe, na mahali pengine hukata mbuga yenye udongo mweusi, ambao wakati wa mvua hunata na kuteleza. Katika njia hizo hupita mikokoteni ya ng'ombe, matrekta, na malori yaliyobeba pamba.

Bila shaka umewahi kuona lori lililokwama, au mkokoteni uliopinduka na magunia kutawanyika njiani. Watu wakikusanyika hapo, mara nyingi mmoja husema, "Lori hili halina nguvu." Je, maneno hayo ni kweli siku zote? Katika sura hii tutalijibu swali hilo kwa kuchunguza gari dogo sana, ambalo mtu huliendesha kutoka mbali kwa mawimbi ya redio, na ambalo limetengenezwa ili lipande mawe. Tutajifunza namna lifanyavyo kazi, kwa nini hukwama, na namna ya kuliboresha. Yale tutakayoyaona katika gari hili dogo ndiyo yatokeayo pia katika lori kubwa.

Kama shule yenu haina gari la namna hii, usivunjike moyo. Majaribio yote ya sura hii hutumia vitu vipatikanavyo nyumbani na shuleni.

1. Gari la waya na gari la redio

Watoto wengi wa Tanzania wamewahi kutengeneza magari ya waya na makopo. Magurudumu hukatwa kutoka katika kandambili zilizochakaa, na waya mrefu hufungwa kwenye ekseli ya mbele ili uwe usukani. Mtoto hushika ncha ya waya huo na kukimbia nyuma ya gari. Akizungusha mikono yake, magurudumu ya mbele hugeuka. Kwa hiyo waya hufanya kazi mbili: husukuma gari, na hupeleka amri ya mikono hadi kwenye magurudumu.

Katika gari la redio kazi hizo mbili hutenganishwa. Kazi ya kusukuma hufanywa na mota inayopata umeme kutoka katika betri. Kazi ya kupeleka amri hufanywa na mawimbi ya redio. Mwendeshaji hushika rimoti. Akiisogeza swichi, rimoti hurusha mawimbi, na antena ya gari huyapokea. Kipokezi kilichomo ndani ya gari huyabadili mawimbi hayo kuwa amri za umeme. Amri moja huenda kwenye mota kubwa, iendeshayo magurudumu. Amri nyingine huenda kwenye mota ndogo ya usukani, igeuzayo magurudumu ya mbele.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1898 mvumbuzi Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York, Marekani, mashua ndogo iliyogeuka huku na huku bila kuguswa na mtu. Aliiongoza kwa mawimbi ya redio.

2. Sababu nne za kukwama

Weka gari lipandalo mawe mbele ya kilima kidogo cha mawe, kisha liendeshe polepole. Likishindwa kupanda, usiseme upesi kwamba halina nguvu. Inama ulitazame vizuri. Utaona moja kati ya mambo haya manne:

(a) Magurudumu yanazunguka, lakini yanateleza juu ya jiwe.
(b) Gari linainuka upande mmoja au mbele, kisha linapinduka.
(c) Gurudumu moja lililo hewani linazunguka bure, na lile linaloshika jiwe limesimama.
(d) Magurudumu yote yanashika jiwe vizuri, lakini mota inashindwa kuyazungusha.

Kila tatizo lina dawa yake. Mota kubwa zaidi inaweza kuponya tatizo la (d) peke yake. Katika (a) itaongeza kuteleza, na katika (b) inaweza kulipindua gari upesi zaidi. Sasa tutazichunguza sababu hizi, moja baada ya nyingine.

3. Kuteleza

Gurudumu husukuma gari mbele kwa sababu ya msuguano kati ya tairi na ardhi. Pasipo msuguano wa kutosha gurudumu huzunguka mahali pamoja.

Jaribio la 1: Kulinganisha msuguano

Vifaa: Ubao mnyoofu wenye urefu wa mita 1, rula, kopo tupu lenye kitako bapa, kokoto, kipande cha kandambili, kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, kipande cha karatasi ngumu, na uzi.

Utaratibu:
1. Tia kokoto chache ndani ya kopo, kisha liweke karibu na ncha moja ya ubao.
2. Inua ncha hiyo ya ubao polepole mpaka kopo lianze kuteleza. Mwenzako apime kimo cha ncha hiyo kutoka chini.
3. Funga karatasi ngumu chini ya kopo, urudie. Kisha tumia kandambili, na mwisho mpira wa baiskeli.
4. Rudia kila kipimo mara tatu, uandike majibu yako katika jedwali.
5. Sasa ongeza kokoto mpaka kopo lijae, urudie kipimo kimoja.

Uchunguzi: Ni kitu gani kilichoteleza mapema? Ni kitu gani kilichohitaji ubao uinuliwe zaidi? Je, kuongeza kokoto kulibadilisha kimo sana?

Maelezo: Kwa kawaida mpira hushika ubao kuliko bati au karatasi. Huenda umeshangaa kuona kwamba kopo zito limeteleza karibu kwenye kimo kile kile cha kopo jepesi. Uzito ukiongezeka, msuguano huongezeka; lakini nguvu inayolivuta kopo liteleze nayo huongezeka kwa kiasi kile kile. Kwa hiyo, juu ya mteremko, hatuponyi kuteleza kwa kuongeza mzigo tu. Dawa iliyo bora ni kubadili tairi.

Tairi za gari lipandalo mawe hutengenezwa kwa mpira laini. Ndani yake mara nyingi huwa na sponji badala ya upepo uliojazwa kwa nguvu. Tairi kama hiyo hubonyea, ikalikumbatia jiwe, na vijino vyake vikashika kingo za jiwe. Lakini ulaini nao una kipimo chake. Sponji ikiwa laini mno, tairi huinamia upande na gari huyumba. Ni lazima fundi ajaribu, apime, na kuchagua.

4. Kupinduka

Kila kitu kina mahali ambapo tunaweza kufikiri kwamba uzito wake wote umekusanyika. Mahali hapo huitwa kitovu cha uzito. Fikiri kwamba umening'iniza timazi ya fundi mwashi kutoka katika kitovu hicho. Maadamu uzi wa timazi unaangukia kati ya magurudumu ya kushoto na ya kulia, gari halipinduki. Uzi ukiangukia nje ya magurudumu, gari huanguka.

Jaribio la 2: Mzigo wa juu na mzigo wa chini

Vifaa: Boksi la karatasi ngumu lenye upana wa sentimeta 10 hivi na kimo cha sentimeta 25 hivi, jiwe moja linaloingia ndani yake, pamba au karatasi kuukuu, ubao, na kipande chembamba cha mti.

Utaratibu:
1. Pigilia kipande cha mti kukingama ubao, ili boksi lisiteleze.
2. Weka jiwe chini kabisa ndani ya boksi, ujaze pamba juu yake.
3. Simamisha boksi juu ya ubao, upande wake mwembamba ukigusa kipande cha mti. Inua ubao polepole mpaka boksi lipinduke. Pima kimo cha ncha ya ubao.
4. Sasa geuza mpangilio: jaza pamba chini, uweke jiwe juu. Rudia.

Uchunguzi: Uzito wa boksi haukubadilika hata kidogo. Je, ni nini kilichobadilika? Ni mara ipi boksi lilipinduka mapema?

Maelezo: Jiwe lilipokuwa juu, kitovu cha uzito kilipanda juu. Mwinamo mdogo ulitosha kuupeleka uzi wa timazi nje ya kitako.

Tuchukue mfano wa gari dogo ambalo umbali kati ya gurudumu la kushoto na la kulia ni sentimeta 20. Kutoka katikati hadi kila upande ni sentimeta 10. Kitovu cha uzito kikiwa sentimeta 10 kutoka chini, gari litastahimili kuinamishwa upande mpaka karibu nyuzi 45. Kitovu hicho kikipanda hadi sentimeta 20, gari litapinduka likiinama nyuzi 27 tu.

Kwa sababu hiyo fundi wa magari haya huishusha betri, ambayo ni kitu kizito, mpaka chini ya fremu. Wengine huweka vipande vya shaba nyeupe karibu na ekseli au ndani ya magurudumu. Bodi la juu huachwa jepesi. Tena betri husogezwa mbele kidogo, kwa kuwa gari linapopanda mlima sehemu kubwa ya uzito wake hubebwa na magurudumu ya nyuma, na yale ya mbele hubaki mepesi. Yakiinuka, usukani haufanyi kazi, na gari laweza kuanguka kinyumenyume.

Sasa lifikirie lori la pamba. Pamba ni nyepesi kwa ujazo wake, kwa hiyo wapakiaji huirundika juu sana ili lori libebe mzigo wa kutosha. Lori lililobeba tani 5 za mawe na lori lililobeba tani 5 za pamba yana mzigo wenye uzito sawa. Lakini mawe hukaa chini ya karasha, nayo pamba hufika juu ya kichwa cha lori. Lori la pamba hupinduka kwa mwinamo mdogo zaidi. Watu wakipanda juu ya mzigo huo, hukiinua kitovu cha uzito zaidi, na lori likipinduka wao ndio huanguka kutoka juu na kuumizwa au kufa. Kwa hiyo kusafiri juu ya mzigo ni hatari kubwa, hata kama dereva ni hodari na lori ni jipya.

5. Gurudumu lizungukalo bure

Gari linapokata kona, gurudumu la nje husafiri mwendo mrefu kuliko la ndani. Ili tairi zisiburuzike, magari mengi huwa na mashine ya gia katikati ya ekseli, ambayo mafundi huiita difu. Difu huruhusu gurudumu moja kuzunguka zaidi ya jingine.

Kwenye barabara nzuri difu ni msaada mkubwa. Juu ya mawe ni adui. Gurudumu moja likiinuka hewani halina kizuizi chochote, kwa hiyo mzunguko wote hukimbilia huko. Gurudumu linaloshika jiwe hubaki limesimama. Jambo hili hili hulipata lori ambalo gurudumu lake moja limeingia katika udongo wa mbuga: moja hurusha tope, na jingine halitembei.

Dawa yake ni kuifunga difu ili magurudumu mawili yazunguke pamoja. Katika magari madogo yapandayo mawe, difu mara nyingi hufungwa moja kwa moja, kwa kuwa magari hayo huenda polepole. Matrekta mengi yana kipedali cha kuifunga difu kwa muda. Dereva hukikanyaga akiwa ameteleza, na hukiachia kabla ya kukata kona, la sivyo trekta halitageuka vizuri na vyuma vyake vyaweza kuvunjika.

6. Gia: kubadilisha mwendo kuwa nguvu

Jaribio la 3: Gia za baiskeli

Vifaa: Baiskeli, na kipande cha kitambaa chekundu.

Utaratibu:
1. Pindua baiskeli, isimame juu ya usukani na tandiko.
2. Hesabu meno ya gia kubwa ya mbele, kisha ya gia ndogo ya nyuma. Jihadhari vidole visiingie katika mnyororo.
3. Funga kitambaa kwenye spoki moja ya gurudumu la nyuma.
4. Zungusha pedali mzunguko mmoja taratibu, uhesabu mizunguko ya gurudumu.

Maelezo: Kama gia ya mbele ina meno 44 na ya nyuma ina meno 22, basi 44 ÷ 22 = 2. Pedali ikizunguka mara moja, gurudumu huzunguka mara mbili. Baiskeli imepata mwendo, lakini imepoteza nguvu ya kuzungusha. Ndiyo sababu mpanda baiskeli aliyebeba gunia hushuka na kusukuma anapofika mlimani.

Gari lipandalo mawe hufanya kinyume cha hayo. Gia ndogo huendesha gia kubwa. Mwendo hupungua, na nguvu ya kuzungusha huongezeka.

Mfano: Mota ina gia yenye meno 12, nayo huendesha gia yenye meno 48. Kisha zipo jozi nyingine mbili, kila moja ikipunguza mzunguko mara 3.

Jozi ya kwanza: 48 ÷ 12 = 4
Kwa jumla: 4 × 3 × 3 = 36

Mota ikizunguka mara 7,200 kwa dakika, magurudumu huzunguka mara 7,200 ÷ 36 = 200 kwa dakika. Mzingo wa tairi ukiwa sentimeta 30, gari huenda mita 60 kwa dakika, yaani mita 1 kwa sekunde. Huo ni mwendo wa mtu atembeaye polepole.

Sasa tuiondoe gia ya meno 12 na kuweka ya meno 10. Mgawanyo wa kwanza huwa 4.8, na jumla huwa 43.2. Gari litakwenda mita 50 kwa dakika badala ya 60. Lakini nguvu ya kuzungusha imeongezeka kwa moja ya tano, tusipohesabu inayopotea kwa msuguano wa gia. Mota haikubadilishwa. Fundi amebadilisha kigurudumu kidogo cha meno, na gari linapanda mahali liliposhindwa.

Dereva wa lori hufanya hivyo hivyo anapoingiza gia ya kwanza mlimani.

7. Polepole hata Mirihi

Mwaka 1997 wanasayansi wa Marekani walifikisha kwenye sayari ya Mirihi gari dogo lenye magurudumu sita, lililoitwa Sojourner. Lilikuwa na uzito wa kilo 10 na nusu hivi lilipopimwa duniani. Liliongozwa kwa redio, lakini mawimbi yalichukua dakika kadhaa kufika huko, kwa hiyo hakuna aliyeweza kulizuia upesi kama lingeanza kupinduka. Mwendo wake mkubwa ulikuwa karibu sentimeta 1 kwa sekunde. Pale ambapo hakuna fundi wala jirani wa kuliinua gari, mwendo wa polepole ulikuwa ulinzi mkubwa.

8. Kanuni ya fundi mwanasayansi

Ukitaka kuboresha gari, fuata hatua hizi:

1. Chagua jiwe moja na njia moja ya kulipanda. Jaribu mara tano, uandike mara ngapi limefaulu.
2. Tazama limeshindwaje: limeteleza, limepinduka, limezungusha gurudumu bure, au limeishiwa nguvu?
3. Badilisha jambo moja tu.
4. Jaribu tena mara tano juu ya jiwe lile lile, ulinganishe.

Ukibadilisha tairi, gia na betri siku moja, hutajua ni lipi lililosaidia, wala ni lipi lililoharibu.

Tahadhari: Betri za lithiamu zinazotumiwa katika magari haya zaweza kushika moto. Usizitoboe, usizitupe motoni, na usiziache zikichajiwa pasipo mtu. Betri iliyovimba isitumike tena. Mpe mwalimu au fundi.

Mambo ya kukumbuka

- Msuguano kati ya tairi na ardhi ndio uwezeshao gari kwenda.
- Kitovu cha uzito kikiwa chini, gari halipinduki upesi.
- Difu husaidia kwenye kona, lakini huweza kulikwamisha gari kwenye mawe na tope.
- Gia ndogo ikiendesha gia kubwa, mwendo hupungua na nguvu ya kuzungusha huongezeka.
- Tafuta sababu kwanza, ndipo utafute dawa.

Maswali

1. Taja kazi mbili za waya wa usukani katika gari la waya. Katika gari la redio kazi hizo hufanywa na nini?
2. Kwa nini kuongeza mota kubwa hakuliponyi gari linaloteleza?
3. Mikokoteni miwili ina mizigo ya uzito sawa. Mmoja umebeba mchanga, na mwingine umebeba pamba iliyorundikwa juu. Ni upi utapinduka upesi? Eleza kwa kuchora.
4. Mwanafunzi alikuwa na gari la mfano ulio katika sehemu ya 6. Aliweka tairi kubwa zaidi zenye mzingo wa sentimeta 36, ili lipande mawe marefu zaidi. Wakati huo huo alibadilisha gia ya meno 12 akaweka ya meno 10. Je, gari lake sasa litakwenda mita ngapi kwa dakika? Linganisha na mwendo wa mwanzo.
5. Dereva wa trekta amesahau kuifungua difu, naye anakata kona. Eleza yatakayotokea.

Kazi ya nje ya darasa

Pamoja na wenzako, tazameni mkokoteni wa ng'ombe uliosimama shambani au nyumbani, baada ya kumwomba mwenyewe ruhusa. Pimeni umbali kati ya magurudumu, na kimo cha mzigo kutoka chini. Mwulizeni mwenye mkokoteni ni wapi njiani huogopa kupinduka, na jinsi apangavyo mizigo mizito na myepesi. Andikeni majibu yake, kisha mjadili darasani: je, ayafanyayo yanakubaliana na mliyoyaona katika Jaribio la 2?